Ulifunika tangi, lakini pampu ya hewa je?

Pole sana, ndugu. Umesema mlipuliza dawa ya mbu sebuleni, tangi mkalifunika kwa shuka, na asubuhi mkakuta samaki wote wamejaa juu wanatweta. Yaliwahi kunikuta hayo hayo, na hadi leo yananiuma.

Mimi nilifunika tangi hadi pembeni. Pampu ya hewa nikaiacha sakafuni ikinguruma. Sasa pampu ile kazi yake ni nini? Kunyonya hewa ya chumba na kuisukuma majini. Usiku kucha ikawanywesha dawa, povu baada ya povu, nami nimelala nikijua nimewakinga. Uduvi ndio walioanza: walilala ubavu, miguu ikirushwarushwa kama ya mende aliyepuliziwa. Hapo ndipo nilipoelewa. Dawa nyingi za kupuliza zina piretroidi, mfano permethrini, ambazo huvuruga neva za wadudu, na uduvi ni ukoo mmoja na wadudu. Samaki nao haziwafai hata kidogo. Kiasi kisichomsumbua mtu kinaweza kuwamaliza.

Kwa sasa fanya hivi. Toa nusu ya maji, uweke mengine yenye joto lile lile na yaliyotiwa dawa ya kuondoa klorini. Weka mkaa mpya wa kuchujia kwenye kichujio, kwa sababu unanasa kemikali za namna hii, na baadaye uutupe. Sifongo ya kichujio usiibadilishe, ndimo wanamokaa bakteria wanaosafisha maji. Fungua madirisha, na pampu uivutie mpira mrefu inyonye hewa ya chumba kisichopulizwa. Kesho badilisha maji tena.

Chumba chenye tangi mimi sipulizi tena dawa yoyote, wala manukato ya hewa. Nimeweka wavu madirishani, basi.

Halafu angalia ndoo, maana sumu nyingi huingilia huko. Ndoo iliyofuliwa nguo au kudekiwa hubaki na sabuni hata ukiisuuza mara tatu, na sabuni huharibu ute unaolinda mashavu ya samaki, yale wanayopumulia. Yangu nimeichora samaki mkubwa kwa rangi isiyofutika, na hakuna anayeigusa nyumbani. Mikono pia: ukiwa umepaka losheni au dawa ya kuua vijidudu, usiitumbukize. Isuuze kwa maji matupu mpaka kwenye kiwiko. Kioo cha nje kifute kwa kitambaa chenye maji tu.

Kuna waliokushauri ulaze maji ya bomba usiku mmoja. Klorini ya kawaida hupungua kwa njia hiyo, ila kloramini, yaani klorini iliyoungana na amonia, haiondoki kirahisi, kwa hiyo ile dawa ya kuondoa klorini usiiache, na hakikisha imeandikwa kwamba inashughulikia kloramini pia.

Uduvi waliobaki, kama wapo, ndio wa kuwatazama leo usiku. Wakianza kutembea na kuokota chakula, maji yanarudi. Tuambie kesho wameamkaje.