Paka Ameingia na Panya Mdomoni: Maswali Yenu na Majibu

Paka wangu anakula na kushiba, lakini kila wiki ananiletea panya mlangoni mwa chumba cha kulala. Au simlishi vya kutosha?

Unamlisha vizuri, usijilaumu. Kwa paka, njaa ni jambo moja na hamu ya kuwinda ni jambo jingine. Windo likipita mbele yake hulirukia hata kama ametoka kwenye bakuli sasa hivi, na akishalinasa hulipeleka anakojiona salama. Mahali hapo ni kwako. Usimchape wala usimfokee, kwa sababu hatajua kosa lake ni lipi. Atakachojifunza ni kukuogopa wewe.

Kama anawinda nje na kuleta ndani, yapo mawili ya kujaribu. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walionyesha kwamba paka waliopewa chakula chenye protini nyingi itokanayo na nyama walipunguza mawindo waliyoleta nyumbani kwa asilimia 36. Waliochezeshwa dakika 5 hadi 10 kila siku walipunguza kwa asilimia 25. Funga unyoya kwenye kamba, umvutie sakafuni, mwache aunyatie na aukamate. Fanya hivyo jioni, muda ambao paka huchangamkia uwindaji.

Jana usiku aliachia panya mzima sebuleni. Panya kajificha nyuma ya kabati, paka kakaa pale hadi asubuhi. Nifanye nini?

Mtoe paka kwanza. Najua wengi humwacha "amalize kazi yake", lakini paka akiwa pale panya hathubutu kutoka. Funga mlango, ziba uwazi wa chini kwa taulo, kisha tulia. Panya hapendi kukatiza katikati ya chumba. Hupita akiambaa na ukuta. Basi laza buti au boksi refu sambamba na ukuta, mdomo ukielekea anakojificha, halafu umfukuze taratibu kutoka upande wa pili. Akiingia, ziba mdomo upesi na umtoe nje. Akisimama mahali pa wazi, mfunike kwa bakuli na upitishe kadibodi chini yake. Usimshike kwa mkono mtupu hata akionekana hoi, maana atang'ata.

Mbona anamrusharusha panya badala ya kumuua mara moja? Watoto wanalia wakiona.

Waambie watoto kwamba paka hakusudii kutesa. Panya ana meno makali na anaweza kumjeruhi paka usoni, kwa hiyo paka humchosha kwanza kabla ya kusogeza mdomo na kumuuma shingoni. Hata hivyo si lazima waangalie. Mwondoeni paka kwa kumvutia na chakula.

Jirani ameweka sumu ya panya. Paka wangu akila panya aliyekula sumu, atadhurika?

Ndiyo, anaweza kudhurika, na hili ndilo swali lililonishtua kuliko yote. Sumu nyingi za panya huzuia damu isigande. Panya hafi papo hapo. Huzunguka siku kadhaa akiwa mlegevu, na mlegevu ndiye rahisi kukamatwa. Paka akimla, naye anaweza kuonekana mzima kabisa kwa siku kadhaa kabla ya dalili kujitokeza: analegea, hataki kula, ufizi unakuwa mweupe, anahema kwa shida, pengine anatoka damu puani au kwenye kinyesi.

Usingoje dalili hizo. Ukishuku tu, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, na kama unaweza kupata pakiti ya sumu nenda nayo, kwa kuwa sumu hazifanani na tiba zake hazifanani. Ile inayozuia damu kuganda hutibiwa kwa vitamini K1, mara nyingi kwa wiki kadhaa, na paka aliyewahishwa ana nafasi nzuri ya kupona. Usimtapishe kwa chumvi wala kumnywesha maziwa ukidhani unaisafisha sumu. Na zungumza na jirani kwa upole. Huenda hakuwaza kabisa kuhusu paka wako. Nyumba yenye paka isiwe na sumu. Tumia mitego, tena ile iliyofunikwa ambayo paka hawezi kuingiza mguu.

Nina mimba ya miezi minne na paka wetu amekula panya mzima, mkia tu ndio umebaki. Nimwondoe nyumbani?

Hapana, mama, huna haja ya kumwondoa. Unachoogopa ni toksoplasma, kimelea ambacho paka huweza kukipata kwa kula panya, kisha akakitoa kwenye kinyesi. Kinyesi kibichi bado hakiambukizi; huchukua siku 1 hadi 5 kufikia hapo. Kwa hiyo kisanduku chake cha choo kisafishwe kila siku, na mwingine afanye kazi hiyo hadi ujifungue. Ikibidi ufanye mwenyewe, vaa glavu na unawe kwa sabuni. Pika nyama iive, osha mboga vizuri, na umweleze mkunga wako.

Huyo paka naye apewe dawa ya minyoo, kwani panya humwambukiza tegu. Ukiona vipande kama punje za mchele karibu na mkia wake, ndiyo hao.

Paka wetu ni mvivu, panya wanapita anawatazama. Tukimnyima chakula atawashika?

Tafadhali msimnyime. Paka mwenye njaa hudhoofika, na mnene akikaa siku chache bila kula anaweza kuugua ini. Wengine si wawindaji, basi.

Tena hata paka hodari hawezi kuimaliza kazi hii peke yake. Panya jike hubeba mimba wiki 3 hivi, huzaa watoto 5 hadi 8, nao huanza kupandana wakifika wiki 6 tu. Dawa ni kuziba njia. Panya mdogo hupenya tundu linalopitisha penseli, kwa hiyo kagueni panapopita mabomba na chini ya milango, mzibe kwa saruji au steelwool iliyosokotwa, na chakula cha paka kisilale kwenye bakuli usiku. Mkishindwa kuliona tundu, nyunyizeni unga kidogo kando ya kuta wakati wa kulala, paka akiwa chumba kingine. Asubuhi fuateni nyayo.