Kwa mwalimu aliyeuliza kuhusu ukocha wa lakrosi ya wanawake vyuoni Marekani: mfano wa Kelly Amonte Hiller

Mwalimu, salaam nyingi. Swali lako limekaa hapa bila jibu, nadhani kwa sababu wengi wetu mchezo wenyewe hatuujui. Umeeleza kwamba mpwa wako, aliyekulia kwenye netiboli na riadha huko Morogoro na kushika fimbo ya lakrosi kwa mara ya kwanza alipohamia Marekani akiwa sekondari, amepewa nafasi ya ukocha msaidizi katika timu ya wanawake ya chuo kidogo. Unataka kujua kama kazi hiyo ina mbele, na kama mtu aliyeufahamu mchezo kwa kuchelewa anaweza kufika mahali. Ninaishi kaskazini mwa Chicago, binti zangu wawili wamecheza lakrosi shuleni, na kwa misimu kadhaa nimekuwa nikisaidia kufundisha timu ya wasichana ya mji wetu. Nitakujibu kwa kumfuata kocha mmoja ambaye kazi yake nimeitazama kwa miaka mingi, Kelly Amonte Hiller wa Chuo Kikuu cha Northwestern kilichoko Evanston, jirani na Chicago, kwa kuwa maswali yako yote mawili yamo ndani ya safari yake.

Nitangulize msimamo wangu. Kila anapotajwa, watu hukimbilia mataji 7 ya taifa aliyoyatwaa katika miaka 8, kuanzia 2005 hadi 2012. Kwa mtu aliye pale alipo mpwa wako, nadhani yenye faida zaidi ni miaka michache iliyotangulia taji la kwanza, pamoja na ile 11 iliyopita baada ya la saba bila taji lolote.

Kwa wasiouona mchezo huu: kila upande una wachezaji 12, kipa akiwa mmoja wao, kila mmoja ana fimbo yenye kikapu kidogo cha nyuzi kichwani, na mpira wa raba hurushwa, hudakwa na kubebwa kwa fimbo hiyo hadi golini. Asili yake ni kwa mataifa ya wenyeji wa Amerika Kaskazini, hasa Wahaudenosaunee. Lakrosi ya wanawake ilianza baadaye katika shule ya wasichana ya St Leonards, Uskoti, mwaka 1890, na kanuni zake zinakataza kugongana miili kama wafanyavyo wanaume. Jambo moja la kiufundi linafaa kushikwa, kwa sababu ndilo linaloamua mechi nyingi: baada ya kila bao, mpira hurudishwa katikati na wachezaji wawili huugombania, tofauti na soka ambako aliyefungwa ndiye huanza. Timu inayoshinda ugombeaji huo inaweza kufunga mara nne au tano mfululizo bila wapinzani kuugusa mpira. Katika timu yetu ya watoto nimeshuhudia uongozi wa mabao sita ukiyeyuka kwa sababu ya binti mmoja tu wa upande wa pili aliyejua kuuchota mpira pale katikati.

La pili la kushika ni jiografia. Kwa muda mrefu mchezo huu ulikuwa mali ya ukanda wa Mashariki: Baltimore, Philadelphia, Long Island na majimbo ya New England, ambako mtoto hupewa fimbo kabla hajajua vizuri kuendesha baiskeli. Huku kwetu Illinois, chama kinachosimamia michezo ya shule za sekondari kiliuanzishia mchezo wa wasichana mashindano yake rasmi ya jimbo mwaka 2018 tu. Ndiyo maana uamuzi wa Northwestern wa kumwajiri Amonte Hiller mwaka 2000 ulionekana kwa wengi kuwa mradi mdogo usio na haraka.

Yeye mwenyewe alitoka huko huko Mashariki, mji wa Hingham, Massachusetts, katika familia ya michezo. Kaka yake, Tony Amonte, alicheza hoki ya barafu katika ligi kuu ya NHL, ikiwemo miaka mingi na Chicago Blackhawks. Kelly mwenyewe alisoma Chuo Kikuu cha Maryland, akacheza soka na lakrosi, akachaguliwa katika orodha ya wachezaji bora wa vyuo nchini kila mwaka kwa miaka minne, na akatwaa ubingwa wa NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, mwaka 1995 na 1996 chini ya kocha Cindy Timchal. Huyu Timchal naye alikuwa amefundisha Northwestern miaka ya 1980 kabla ya kuhamia Maryland, na baada ya yeye kuondoka Northwestern waliivunja timu hiyo mwaka 1992. Kwa hiyo, walipotaka kuifufua, walimwita mwanafunzi wa kocha waliyempoteza. Kabla ya hapo Amonte Hiller alikuwa amepita ukocha msaidizi katika vyuo vya New England, huku akiendelea kuichezea timu ya taifa ya Marekani. Hata mtu mwenye sifa zote hizo za uchezaji alianza kwa usaidizi, na mpwa wako asidhani kwamba nafasi aliyopewa ni ya kumpunguzia hadhi.

Alipofika Evanston hakukuta timu, alikuta klabu ya wanafunzi. Msimu wa kwanza wa kuhesabiwa katika daraja la juu la NCAA ulikuwa 2002, na walipoteza mechi nyingi kuliko walizoshinda. Wasichana bora wa Long Island na Maryland hawakuwa na sababu ya kuja kando ya Ziwa Michigan, mahali ambapo mwezi Machi upepo unatosha kumrudisha mtu nyumbani, kuchezea timu isiyo na jina. Alichofanya ndicho ninachowasimulia wazazi wa timu yetu kila mwaka: aliangalia wanamichezo waliokuwa tayari mbele ya macho yake. Ashley na Courtney Koester, mapacha kutoka Indiana waliokuwa wanasoma hapo chuoni, hawakuwahi kucheza lakrosi; aliwaona katika eneo la chuo, akapendezwa na maumbile na wepesi wao, akawaita wajaribu. Wote wawili walikuwa katika kikosi kilichotwaa ubingwa wa taifa mwaka 2005.

Hapa niseme kidogo kutokana na kazi yangu ya uwanjani, maana hadithi ya mapacha hao ikisimuliwa peke yake hugeuka kuwa muujiza. Msichana mwenye mbio, anayejua kukaba bila kugusa, na mwenye macho ya kuona nafasi kabla haijafunguka, amebakiza kitu kimoja tu, nacho ni mikono. Mikono hufundishika kwa kurusha mpira ukutani na kuudaka, mkono wa kulia kisha wa kushoto, kila siku, kwa miezi. Wasichana waliotujia kutoka mpira wa kikapu na soka walitaabika na mkono wa kushoto kwa msimu mzima, lakini katika kukaba walikuwa mbele ya wenzao tangu wiki ya kwanza, kwa sababu miguu yao ilikwisha kujifunza mahali pengine. Mchezaji wa netiboli ana faida ya ziada: amezoea kumzuia mtu kwa umbali uliowekwa na kanuni, na kukata pasi kwa kusoma macho ya mrushaji. Mpwa wako anayo mali hiyo, na anaweza kuifundisha kwa namna ambayo kocha aliyezaliwa na fimbo mkononi huenda hajawahi kulazimika kuieleza kwa maneno.

Ubingwa wa 2005 ulikamilika kwa ushindi wa 13–10 dhidi ya Virginia mjini Annapolis, bila kupoteza hata mechi moja kati ya 21, na ilikuwa mara ya kwanza kwa timu iliyo nje ya ukanda wa saa wa Mashariki kutwaa ubingwa wa lakrosi wa NCAA. (Wengi wasiojua lolote kuhusu mchezo huu waliwakumbuka wasichana hao kwa jambo jingine: walipoalikwa Ikulu ya Marekani Julai mwaka ule, baadhi yao walipiga picha na Rais George W. Bush wakiwa wamevaa kandambili, na magazeti yakalijadili suala la viatu kuliko yalivyowahi kuijadili fainali.) Mataji yakafuatana hadi 2009, mwaka ambao walishinda mechi zote 23 na kuifunga North Carolina 21–7 katika fainali. Mwaka 2010 Maryland waliwazuia kwenye fainali, kisha Northwestern wakarudi kushinda 2011 na 2012. Katika kipindi hicho Kristen Kjellman alitwaa mara mbili tuzo ya Tewaaraton, inayotolewa kwa mchezaji bora wa mwaka vyuoni, na Hannah Nielsen, aliyetoka Adelaide, Australia, naye akaitwaa mara mbili. Mashabiki wa Mashariki walipenda kusema kwamba Northwestern ilibahatika kupata kizazi kimoja kizuri. Sikubaliani nao, kwa kuwa kizazi kimoja hakiwezi kuanzia 2005 na kufika 2012 wakati mwanafunzi hucheza miaka minne.

Baada ya hapo mambo yakabadilika, na hili ndilo eneo ambalo wanaoandika sifa zake hulipita mbio. Vyuo vingine viliiga. Fedha ziliingia, makocha wapya waliajiriwa, na kuanzia 2015 ligi ya Big Ten ilianza kuendesha lakrosi ya wanawake huku Maryland wakiwa ndani yake, kwa maana kwamba Northwestern walilazimika kukutana kila mwaka na timu iliyokuwa na nguvu kuliko zote. Usakaji wa wachezaji nao ulikuwa umeharibika nchi nzima. Makocha walikuwa wakipata ahadi za kujiunga na timu zao kutoka kwa wasichana wa miaka 14, hata chini ya hapo, ambao hawajafanya mtihani wowote wa maana. Sheria ya NCAA ya mwaka 2017 ndiyo iliyozuia kocha kuwasiliana na mwanafunzi kabla ya Septemba Mosi ya mwaka wake wa tatu wa sekondari. Kama mzazi niliishukuru sheria ile, kwa sababu binti yangu mkubwa alipata nafasi ya kukua kwanza. Sina shaka kwamba iliwasaidia pia makocha wa namna ya Amonte Hiller, ambao jicho lao huona kitu kwa mtoto anayechelewa kukomaa.

Kurudi kwake juu hakukuwa kwa siku moja. Mwaka 2019 Northwestern walitwaa mashindano ya Big Ten kwa mara ya kwanza na kufika nusu fainali ya taifa. Mwaka 2021 walifika nusu fainali bila kupoteza mechi, wakafungwa na Syracuse. Mwaka 2022 niliitazama nusu fainali dhidi ya North Carolina kwenye televisheni pamoja na wasichana wa timu yetu: Northwestern waliongoza kwa mabao 8, kisha wapinzani wakachukua mipira ya katikati mmoja baada ya mwingine, na mechi ikaisha 15–14. Mfungaji wao mkubwa, Izzy Scane, hakucheza msimu huo kwa sababu ya jeraha la goti. Kocha aliyekuwa na miaka zaidi ya 20 kazini na mataji 7 kabatini angeweza kustaafu kwa heshima baada ya mechi kama ile.

Msimu uliofuata ulianza kwa kufungwa na Syracuse 16–15, kisha wakashinda mechi 21 mfululizo, ya mwisho ikiwa fainali dhidi ya Boston College waliyoshinda 18–6. Ninachokipenda katika kikosi cha 2023 ni namna kilivyoundwa. Scane alitoka Clarkston, Michigan, nje kabisa ya ukanda wa jadi. Mwaka huo alifunga mabao 99, na alipomaliza chuo mwaka 2024 alikuwa na 376, rekodi ya daraja la juu la NCAA. Kipa Molly Laliberty alihamia kutoka Tufts, chuo cha daraja la tatu, ambako wasakaji wengi wa vipaji hawatupi jicho. Ukiweka majina hayo kando ya mapacha wa Indiana, unaona ni mtu yule yule anayetafuta pale pale ambapo wenzake hawatafuti, ila sasa anatafuta kwa sheria mpya za uhamisho wa wachezaji kati ya vyuo. Taji hilo la nane lilimlinganisha na mwalimu wake Timchal, ambaye yote manane aliyatwaa akiwa na Maryland. Fainali za 2024 na 2025 alizifika pia, na zote mbili alizipoteza.

Kuhusu kama kazi ina mbele, angalia walikokwenda waliomchezea. Lindsey Munday alikabidhiwa timu mpya ya USC kule Los Angeles, Danielle Spencer akapewa Stanford, Katrina Dowd Oregon, Nielsen Michigan, na Shannon Smith Hofstra. Vyuo vinne kati ya hivyo viko nje ya ukanda wa Mashariki. Timu mpya zinapoanzishwa, wakuu wa michezo huwatafuta watu waliowahi kuona timu ikijengwa kuanzia chini, na uzoefu huo hupatikana hata katika chuo kidogo.

Upande wa kipato usidanganyike. Kocha msaidizi wa chuo kidogo hulipwa kidogo, na wengi hujaza pengo kwa kufundisha kambi za kiangazi na klabu za watoto. Nimewaona walipokuja kufundisha kwetu, wametoka kuendesha gari kwa muda wa saa tano usiku wa jana yake. Zaidi ya hayo, kama mpwa wako yuko Marekani kwa viza ya mwanafunzi, ni lazima ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chake imthibitishie kwa maandishi kwamba anaruhusiwa kuifanya kazi hiyo kabla ya siku ya kwanza ya mazoezi.

Kabla hajatia sahihi, amwulize kocha mkuu kama atashirikishwa katika kusaka wachezaji na kuchambua video za wapinzani, na kama atakabidhiwa sehemu moja ya timu iwe yake, ikiwezekana ulinzi, ambako netiboli yake itamsaidia mapema. Akijibiwa kwamba kazi ni kubeba vifaa na kupanga safari tu, asione vibaya kusubiri, kwa kuwa msimu wa vyuo huisha mwishoni mwa Mei na nafasi nyingi za usaidizi hutangazwa wiki zinazofuata.