Jibu: Paragrafu juu ya riwaya kwa Kiingereza, na kwa nini unabakia kwenye 4 juu ya 10

Ndugu, umeuliza kwa nini kila TP (zoezi la kuandika) ya Kiingereza inarudi na 4 juu ya 10 na maneno yale yale kwa wino mwekundu, "too much summary", wakati kitabu umekisoma chote. Paragrafu uliyobandika, ile ya Okonkwo, mhusika mkuu, na mtoto Ikemefuna katika riwaya Things Fall Apart ya Chinua Achebe, nimeisoma. Kiingereza chako kinaeleweka vizuri. Shida ni kwamba mwalimu aliuliza "kwa nini", nawe ukajibu "kilitokea nini".

Swali lilikuwa: kwa nini Okonkwo anashiriki kumuua mtoto anayempenda? Maneno 150 hadi 200. Wewe umesimulia kwamba mtoto aliletwa Umuofia, kijijini kwa Okonkwo, akakaa miaka mitatu kwa Okonkwo, mzimu wa Milima na Mapango ukaamuru auawe, mzee Ezeudu akaonya, wanaume wakampeleka porini. Yote ni kweli. Sababu imekuja mwishoni kabisa, nusu mstari. Mwalimu hadithi anaijua. Pointi anazo kwa ajili ya sababu na ushahidi.

Basi geuza. Sentensi ya kwanza iwe jibu lenyewe, na liwe jibu ambalo mwenzako anaweza kulibishia. "Okonkwo is an important character" hakuna wa kuibishia, kwa hiyo haifanyi kazi yoyote. Andika kitu kama "Okonkwo kills Ikemefuna because he fears the opinion of other men more than he loves the boy." Hiyo inabishika, na tayari inakuonyesha ushahidi wa kutafuta. Ile desturi yetu ya shule ya Kifaransa ya kuanza na "In this paragraph I am going to talk about" ifute. Kwenye dissertation, yaani insha ndefu, ya kurasa nne kutangaza mpango kuna maana. Kwenye maneno 150 ni mstari uliotupwa.

Muktadha: sentensi moja. Nani, wapi, wakati gani. Basi.

Kisha nukuu, fupi, maneno manne hadi manane. Wengi wananakili mistari minne ili kujaza ukurasa, na mwalimu anahesabu maneno yako, si ya Achebe. Iingize ndani ya sentensi yako mwenyewe: When he cuts the boy down, the narrator explains that Okonkwo is "afraid of being thought weak". Usiiache ikisimama peke yake katikati ya paragrafu bila mtu wa kuitambulisha.

Hapa sasa ndipo pointi zinapopatikana au kupotea. Baada ya nukuu, kopi nyingi zinaendelea: "This shows that Okonkwo is afraid of being weak." Huko ni kurudia nukuu kwa maneno mabovu zaidi. Angalia ilivyoandikwa. Haogopi kuwa dhaifu. Anaogopa kudhaniwa dhaifu. Neno "thought" ndilo limebeba sentensi nzima, maana linaleta watu wengine, wale wanaume waliosimama pale wakimtazama. Halafu angalia nani anasema: ni msimuliaji, si Okonkwo. Mwandishi anatupatia kile ambacho mhusika asingekubali kukitamka. Hayo tayari ni mambo mawili ya kuandika kutoka maneno matano.

Na usimtupe Ezeudu. Wewe umemtaja kama tukio tu, kumbe ndiye ushahidi wako mkubwa. Alimwambia Okonkwo asitie mkono katika kifo cha mtoto anayemwita baba. Kwa hiyo Okonkwo hawezi kusema mila ilimlazimisha: angeweza kubaki nyumbani, na hakuna ambaye angekuwa na haki ya kumlaumu. Sura ya 8 anajitetea mbele ya rafiki yake Obierika kwamba alitii tu, na Obierika anamjibu kwamba yeye asingekuwa mtu wa kulitekeleza jambo hilo. Katika sura hiyo hiyo Okonkwo anakaa siku mbili bila kula. Hilo la kutokula ni ushahidi pia, hata bila nukuu: anayeua kwa moyo mgumu hashindwi chakula. Chagua moja kati ya hayo, usiyaweke yote; paragrafu haitatosha.

Kwa maneno 180 mimi ningegawa hivi: jibu 25, muktadha 25, nukuu na ufafanuzi wake kama 75, ushahidi wa pili pamoja na maelezo 40, mwisho 15. Utakutana mtandaoni na mfumo wa herufi nne, PEEL: hoja, ushahidi, ufafanuzi, kiungo. Si mbaya, ila unawadanganya watu kwamba sehemu nne zina uzito sawa. Ufafanuzi peke yake unapaswa kuchukua karibu nusu.

Kuhusu lugha, makosa yetu wa Bukavu yanajulikana. Kiswahili hakitofautishi mwanaume na mwanamke katika "yeye", ndiyo maana Ekwefi, mke wa Okonkwo, anageuka "he" kufikia sentensi ya tatu. "Okonkwo he kills" inatoka kwenye "Okonkwo anaua": toa hiyo "he". Matukio ya riwaya yaandike kwa wakati uliopo, "kills", si "killed", na usichanganye. Mhusika ni "character". "Personage" ni Kifaransa kilichovaa koti. Kichwa cha kitabu kinapigwa mstari chini ukiandika kwa mkono, na kila neno kati ya hayo matatu linaanza kwa herufi kubwa, tofauti na Kifaransa. Alama za nukuu ni zile za Kiingereza, si « ».

Na usiandike "Achebe thinks" pale msimuliaji au mhusika anapozungumza. Kosa hilo linaonekana dogo, lakini kwa masahihisho mengine linakula pointi nzima.

Kama mnasoma kwenye fotokopi, kumbukeni kurasa hazilingani kutoka toleo moja hadi lingine, na fotokopi nyingine zimekatwa namba. Taja sura kila mara. Ukurasa ongeza kama unaonekana.

Namna ya kuanza: usianze na sentensi ya kwanza. Kwenye karatasi ya rasimu andika nukuu katikati, uizungushie maswali matatu: nani anasema, neno gani ni zito, lingeweza kusemwa vipi tofauti? Majibu yakishapatikana ndipo unajua hoja yako ni ipi. Ukianza na hoja kabla ya kuangalia maneno, utaishia kusimulia tena.

Tuma hapa chini sentensi yako ya kwanza tu, iliyorekebishwa, kabla ya kuandika zilizobaki. Tukiona haibishiki, tutakurudisha.