Mbwa Anayefyata Mkia Hajakiri Kosa

SWALI: Ndugu Mhariri, nina mbwa dume wa miezi kumi ninayemfuga kwa ajili ya ulinzi wa nyumba. Kila nirudipo kazini jioni hukuta ametafuna kandambili au amefukua bustani. Kinachonishangaza ni kwamba hata kabla sijatamka neno, huwa amekwisha kujikunyata pembeni, masikio ameyalaza, mkia ameufyata, naye anakwepa kunitazama. Kwa kuwa ni dhahiri anajua alichokosa, humchapa fimbo mbili tatu palepale penye uharibifu. Huu ni mwezi wa tatu na habadiliki. Je, ni ukaidi? (Msomaji wa Moshi)

JIBU: Ndugu msomaji, huyo si mkaidi, anaogopa, na anachokiogopa sicho unachodhani. Mwaka 2009 Alexandra Horowitz, mtafiti wa tabia za mbwa nchini Marekani, alichapisha matokeo ya jaribio lililohusu mbwa 14. Mwenye mbwa alimkataza mbwa wake kula kipande cha chakula, kisha akatoka chumbani. Aliporudi aliambiwa kwamba mbwa amekula au hakula, na wakati mwingine alichoambiwa hakikuwa kweli. Ilibainika kwamba ile sura tunayoiita ya hatia haikufuata kosa, bali ilifuata karipio, na iliwajia zaidi mbwa waliokaripiwa ilhali hawakugusa kitu.

Utasema kwamba wako hujikunyata kabla hujamkaripia. Ni kweli, lakini miezi mitatu imemfundisha kwamba wewe ukiingia na vipande vya kandambili vikiwa chini, fimbo inafuata. Ukitaka kuhakiki, chana kandambili moja kwa mikono yako, itupe uani, toka nje kidogo kisha urudi. Sitashangaa akifyata mkia kwa kosa ulilolitenda wewe.

Si kwamba hana kumbukumbu, kwani huwatambua watu na njia baada ya muda mrefu. Tatizo ni kwamba mbwa huhusisha tendo lake na lile linalolifuata papo hapo, ndani ya sekunde moja au mbili, hivyo kandambili iliyotafunwa saa nne asubuhi na fimbo ya saa kumi na mbili jioni havikutani kichwani mwake. Anachojifunza ni kuuogopa mlio wa geti lako, na kwa mbwa wa ulinzi hiyo ni hasara kubwa.

Iweke fimbo kando. Mbwa wa umri huo hutafuna kwa sababu ana nguvu nyingi na kazi hana, kwa hiyo mtembeze asubuhi kabla hujaondoka, viatu viwekwe asipofika, naye aachiwe kitu chake cha kutafuna, kama vile kipande cha kamba nene (usimpe mifupa iliyopikwa, maana huvunjika vipande vyenye ncha). Ukimkuta anatafuna kisichoruhusiwa wakati huohuo, mkatize kwa sauti ya kawaida, umpe kile chake, na umsifu anapokipokea.

SWALI: Mbwa wangu nikimwita hukimbilia upande mwingine, ingawa zamani alikuwa akija mbio. Nifanyeje? (Msomaji wa Tanga)

JIBU: Jiulize kwanza huwa unamwita kwa ajili ya nini. Ikiwa baada ya neno “njoo” hufuata mnyororo, kuogeshwa au kufungiwa bandani, basi amelielewa neno hilo vizuri kuliko ulivyokusudia. Pale Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini kwa kanuni iyo hiyo: panya akipatia, husikia mlio mfupi na mara moja hupewa chakula, kama vile ndizi. Kama panya huweza kujifunza kazi hiyo bila fimbo, mbwa hashindwi kuja akiitwa.

Chagua neno jipya ambalo halijachafuliwa, na watu wote wa nyumbani walitumie hilohilo, badala ya baba kusema hivi na watoto vile. Kwa wiki mbili hivi mwite mara kadhaa kwa siku akiwa karibu, mpe dagaa mmoja asiye na chumvi mara anapofika, kisha mwache aendelee na mambo yake. Siku ya kumwogesha au saa ya kumfunga, mfuate wewe mwenyewe alipo, bila kulitamka neno hilo.