Matembezi ya Kudi Chin: anza na pua

Ndugu, umeuliza ufanyeje ili wageni unaowatembeza Bangkok wasiishie kupiga picha tu. Mimi ningeanza alfajiri Pak Khlong Talat, soko la maua. Mpe kila mmoja shada la asumini ashike na kunusa kabla hujafungua mdomo. Kisha mvuke mto Chao Phraya kwa boti hadi Kudi Chin, mtaa wa wazao wa Wareno. Hapo kuna khanom farang, keki ya unga, sukari na mayai ya bata. Waile ingali moto, ikipoa si ile tena. Vichochoro ni vyembamba, watu wanane wanatosha. Mlio wa nyundo za Ban Bat, wanakofua mabakuli ya watawa, uache kwa siku nyingine, maana ni ng'ambo ya pili na jua la huko halina huruma.