Ulichoniuliza kuhusu nyanya

Uyole, Mbeya, Julai

Mwanangu Tusekile,

Marahaba. Hapa hatujambo, ila baridi. Asubuhi ya leo maji ya kwenye ndoo ya nje yalikuwa hayashikiki, na kuku walikataa kutoka bandani mpaka jua lilipopanda.

Jumapili kwenye simu uliniuliza: "Mama, wewe ndiye uliyetufundisha kulima. Nyanya zako zote zilikufaje? Ulikosea wapi, nami nisirudie huku Kimara?" Nikakujibu ni mvua, nikahamia kwenye habari za harusi. Hukuridhika, nilikusikia ulivyonyamaza. Ndiyo maana nakuandikia, kwa sababu kwenye simu nisingeweza kulisema lote. Mvua ilikuwepo, lakini mvua ya Uyole haikuanza mwaka huu. Kosa ni langu, na nililiona likija.

Unakikumbuka kile kipande cha chini, karibu na mparachichi? Baba yenu alipanda viazi pale Machi ya mwaka jana. Mei tukamzika. Viazi tulivichimba mimi na kaka yako Ambokile mwishoni mwa Juni, haraka haraka, hakuna aliyekuwa na moyo wa kupekua udongo. Vidogo vingi vikabaki chini. Mvua ilipopiga Novemba vikaota vyenyewe, mashina kumi na mawili, niliyahesabu, yamenenepa kuliko hata vile alivyovipanda. Hayo ndiyo maotea, na wewe mwenyewe ulishachapwa kwa kuyaacha shambani ulipokuwa darasa la tano. Maotea hung'olewa. Mwaka huu nilishika jembe mara mbili, na mara zote mbili nikaliegemeza ukutani nikaenda kupika.

Sasa mimi huyohuyo nikahamisha miche ya nyanya kutoka kitaluni, aina ya Tengeru 97, miche sitini, nikaipanda hatua nne tu kutoka pale. Nilijiambia ndipo penye jua. Kweli pana jua. Lakini nyanya na kiazi ni ndugu wa tumbo moja, kinachomuua huyu humfuata na yule, na bilinganya na hoho wamo ukoo huohuo.

Januari ndipo Kiswahili kilipotuchanganya, maana tuna ukungu wa hewani na ukungu wa kwenye jani, na mwaka huu ulikuja wote. Mvua jioni, usiku baridi, kisha ukungu unashuka toka mlimani na kukaa mpaka saa nne asubuhi. Jani halikupata nafasi ya kukauka. Siku moja nikaona kwenye yale maotea jani lenye baka la kimajimaji, kama limemwagiwa maji ya moto. Nikaligeuza: chini kuna unga mweupe kuzunguka baka. Bakajani chelewa. Sikuhitaji kuambiwa na mtu. Ugonjwa huu hulala ndani ya kiazi kilichobaki ardhini, kikiota unapanda nacho, halafu upepo na matone ya mvua vinaufikisha kwa jirani.

Hapo bado ningeweza kuokoa kitu. Unajua nilifanya nini? Nilichuma yale majani mawili matatu yenye baka, nikaacha mashina yasimame. Mtu mzima, mjane, miaka yote hii ya jembe, nachuma majani kama mtoto anayeficha kikombe alichovunja.

Kabla wiki haijaisha nyanya nazo zilikuwa na mabaka. Nikakimbilia duka la pembejeo, nikanunua mankozebu, dawa ya ukungu wa majani, nikapiga jioni. Usiku ikanyesha, ikaosha yote. Nikapiga tena. Afisa ugani alipopita aliniambia nililokuwa nalijua: dawa ile ni ya kinga, hupigwa kabla, jani lililokwisha kuingiwa haliponi. Akanisimulia kwamba ugonjwa huuhuu ndio ulioanza kuharibu viazi vya Ireland mwaka 1845 na kuleta njaa kubwa, watu wakafa na wengine wakahama nchi. Sijui alidhani ananifariji. Mwanzoni mwa Februari mashina yote sitini yalikuwa meusi, matunda mabichi yana mabaka ya kahawia, magumu ukiyagusa, na harufu ya kuoza ilifika mpaka jikoni. Tangu hapo nyanya nanunua soko la Mwanjelwa kama wasio na shamba.

Kwa hiyo hapo ndipo nilipokosea. Si kwamba sikujua.

Sasa picha ulizonitumia za nyanya zako. Nimeziangalia vizuri, na nimempa Ambokile anikuzie. Lako silo hili. Mabaka yako ni makavu, yana miviringo ndani ya miviringo kama gogo lililokatwa, na yameanzia majani ya chini. Hiyo naona ni bakajani tangulia, ambayo hailiogopi joto la Dar. Chelewa hupenda ubaridi wetu huku. Toa majani yote ya chini yanayogusa udongo, yatupe mbali, usiyaweke kwenye mboji. Mwagilia asubuhi, kwenye shina, si kumwaga juu ya majani kama unavyoosha gari. Halafu zile ndoo zako zitenganishe kidogo upepo upite. Udongo huo usiupandie nyanya tena msimu ujao, wala bilinganya. Weka mchicha au kunde. Ukiona jani lina njia nyeupe ndani kama mdudu amechimba barabara, hiyo ni habari nyingine, ni kantangaze, kiwavi wa nyanya, nipigie siku hiyohiyo.

Mengine ya bustani yalikuwa mazuri, nisikudanganye kwamba tumelala njaa. Chainizi na figiri tulikula mpaka watoto wakalalamika. Njegere zilipanda kwenye ule uzio wa miti nikavuna madebe mawili, moja nikauza. Majani ya maboga hayakuisha hadi Mei. Kabichi zilivamiwa na vidukari, nikawaosha kwa maji ya sabuni, wakapungua. Karoti ndizo zilizotuchekesha: nilikuwa na haraka nikaweka samadi mbichi, zikaota na miguu miwili, nyingine mitatu. Moja Ambokile aliivalisha kitambaa akamwambia mwanawe ni mjomba. Samadi ya karoti iwe imeoza sawasawa, au uitumie kwenye kabichi kwanza, karoti zifuate.

Mnavu nimeung'oa wote ulioota karibu na kile kipande, ingawa ni mboga niipendayo kuliko zote, kwa sababu nao ni wa ukoo wa nyanya. Mwaka huu sibahatishi.

Yale mashina kumi na mawili niliyachimba mwenyewe Februari, siku ambayo sikutaka mtu nyumbani. Majani nikayafukia shimoni mbali na bustani. Chini kulikuwa na viazi vingi vilivyooza, na vizima kama kilo nne. Vya mbegu sikuweka hata kimoja. Nilivichemsha na maganda, nusu nikampelekea Ambokile bila kumwambia ni vya wapi, nusu nikala mimi kwa siku mbili, na chumvi tu, kama alivyovipenda baba yenu. Utaniuliza vilikuwa na ladha gani. Vilikuwa viazi.

Kile kipande sasa kina kabichi, nazimwagilia kila baada ya siku mbili, na zimeanza kufunga. Viazi wala nyanya havitagusa pale kwa misimu mitatu. Nyanya za Novemba nitazipanda upande wa choo, kwenye upepo, nafasi pana, na dawa ya kinga nitaanza kupiga kabla ukungu haujashuka.

Juzi kimechomoza kingine katikati ya kabichi. Nilikitazama kwa muda, kisha nikaenda kuchukua jembe.

Msalimie baba watoto, na mkija Desemba mniletee nazi.

Ndaga fijo, asante sana, kwa hela ya mbolea.

Mama yako