Jibu: Jaji wa paka anaangalia nini?

Ndugu yangu, umeuliza jaji wa maonyesho ya paka anawezaje kumshindanisha paka wa aina ya Siamese, mwembamba, na wa aina ya Persian, mwenye manyoya marefu. Kila paka hupimwa kwa vigezo vya aina yake, jumla alama 100: kichwa, macho, masikio, mwili, mkia, manyoya. Kwenye maonyesho ya mtindo wa zamani ya GCCF, chama kinachosimamia mambo ya paka Uingereza, jaji huzungukia vizimba na msaidizi wake, wenye paka wakiwa pembeni. Blanketi, bakuli, sanduku la choo, vyote ni vyeupe, ili asijue paka ni wa nani. Naupenda sana utaratibu huo, ni wa haki. Tena hata paka aliyeongoza kundi lake anaweza kunyimwa cheti cha kuwania ubingwa akionekana hajafikia kiwango. Ubingwa unataka vyeti vitatu, kutoka kwa majaji watatu tofauti.